Radi Isiyo na Wingu

Habari za Espe zilinikuta Kagerankanda, shambani, navuna maharage kwenye kile kibonde ambako simu haishiki hata uipandishe juu ya mti. Jioni nilipopanda hadi barabarani jumbe zikaanza kuingia zote kwa mkupuo, na ile niliyoisoma mwisho ndiyo iliyokuwa imetumwa mwanzo: Mama ametutoka. Ilitoka kwa Oliva, binti yake. Kufikia hapo walikuwa wameshamzika. Nilikaa chini palepale kando ya barabara, na kitu cha kwanza kilichonijia, Mungu anisamehe, hakikuwa kilio. Kilikuwa kicheko. Nilimwona Espe amekaa juu ya gunia la unga chini kabisa ya meli, kofia ya jikoni imemwangukia jicho moja, ananiambia, "We Feli, ukisikia mshindo ujue limeshapita." Baba mmoja aliyekuwa anatoka shamba akasimama na jembe lake begani. "Kulikoni, mama?" Nikamwambia nimefiwa. Akaniangalia meno yangu yalivyo nje, akatikisa kichwa, akaenda zake. Ndipo nikalia.

Kasulu wananiita Mama Barafu. Wateja wa mikate yangu wakikosa la kuzungumza wananichokoza, "Mama Barafu, hebu tueleze tena ule mlima ulioanguka baharini," nami mjinga naeleza, mikono hewani, mkate unaungua nyuma yangu. Wanacheka, wananunua, wanaondoka. Hawaamini hata nusu. Mzee mmoja mwenye duka la vitambaa jirani yangu, mtu mwenye ndugu Tanga na anayejiona ndiye anayeijua bahari, aliniambia waziwazi kwamba bahari anayoijua yeye haina milima. Sikujali, kwa sababu nilikuwa na Espe. Nikibanwa sana nilimpigia simu Mabamba, naweka sauti ya juu, nasema, "Espe, waambie hawa." Naye anawaambia. Sasa nani atawaambia?

Mwaka ule tulikuwa waokaji wa mikate Kibondo, kwenye nyumba ya wageni iliyojaa wazungu wa mashirika waliokuja kwa ajili ya kambi za wakimbizi. Mimi mtu wa Kasulu, yeye mtu wa Mabamba, ambako ukiita kuku wako jioni wanaweza kukuitikia wa Burundi. Alinizidi umri kidogo na utulivu mwingi. Mimi nasema kwanza halafu nafikiri, Espe alifikiri halafu wakati mwingine hata hasemi. Muuguzi mmoja tuliyemwita Mama Berit alikuwa na kaka mwenye meli ndogo ya watalii huko kaskazini kabisa kwa dunia, visiwa vinaitwa Svalbard, na siku moja akiwa anapaka siagi mkate wetu akatuambia kaka yake anatafuta waokaji wasioogopa baridi. Mimi ndiye wa kusema siku zote, lakini siku hiyo Espe alinitangulia. "Baridi? Sisi tunaoga maji ya mtoni mwezi wa sita!" Mama Berit akacheka mpaka siagi ikadondoka. Hakuna aliyetuuliza kama tunaogopa radi.

Na mimi radi naiogopa, nisiwadanganye. Huku kwetu mvua haianzi kwa kunyesha, inaanza kwa kugombana. Nilipokuwa binti mdogo jirani yetu Skola alipigwa njiani akitoka shamba, jembe begani na sweta jekundu mwilini, na mimi nilikuwa nyuma yake kwa umbali wa kuitana. Tangu siku hiyo sikuhitaji mtu wa kunikumbusha. Wingu likikunja uso tu, kioo nakifunika kitenge, masufuria yanayong'aa naingiza chini ya kitanda, chekundu chochote kinavuliwa, na mlangoni hasimami mtu. Hiyo ni radi ya kawaida, ya Mungu. Kuna nyingine, na kila mtoto wa Kibondo na Kasulu anaijua: ile inayopiga jua likiwaka, mbingu nyeupe, hakuna wingu hata la kufutia jasho. Hiyo imetumwa. Ikitumwa inamtafuta mtu wake.

Meli yenyewe ilikuwa ndogo kweli. Watalii wake wote ungewaingiza kwenye kanisa la kigango chetu na mabenchi ya nyuma yakabaki wazi. Chumba chetu kilikuwa chini, kitanda juu ya kitanda, na kidirisha cha duara ambacho mawimbi yalikuwa yanakipiga makofi. Jiko ndilo lilikuwa makao yetu: chuma kila upande, kila kitu kimefungwa kamba kisikimbie, na pembeni stoo ya unga, kijichumba kisicho na dirisha chenye magunia hadi darini. Mpishi mkuu alikuwa Mfilipino mfupi mwenye mikono mikubwa, tulimwita Kuya, ambalo kwao ni kaka. Kuya alitupenda kwa sababu ya migebuka, wale samaki wetu wa ziwani. Espe alikuwa ameificha migebuka mikavu kwenye sanduku, imeviringishwa ndani ya kitenge cha kanisani, na siku ya pili harufu ilipoanza kutembea kwenye korido sisi tulijua tumekwisha. Kuya akaja ananusa kama paka, akasimama mlangoni kwetu. "Hiyo ni nini?" Espe akanyoosha mmoja bila neno. Kuya akauchoma, akaula na wali, akafumba macho. Tangu hapo tukala pamoja, wafanyakazi wote wa jikoni, mezani pale penye kingo ndefu za kuzuia sahani: wali wake, samaki wetu, pilipili za mtu mwingine, na kelele za lugha kama mnada wa ng'ombe. Nilikuwa na furaha ile ambayo mtu hajui kama ni furaha mpaka iishe.

Kazi waligawa hivi: Espe chini, mikate na vyombo, mimi, kwa kuwa Kiingereza changu kilikuwa na ujasiri kuliko sarufi, nipande sitahani kuwapa watalii supu ya moto kila meli itakaposimama mbele ya barafu. Siku ya kwanza nilipanda na sufuria kubwa la bati linalong'aa, nikakuta mbele yangu, jamani, ukuta. Mto mzima ulioganda, umeshuka kutoka milimani mpaka baharini na kuishia hapo, wima, mrefu kuliko mnara wowote wa kanisa nilioujua, na rangi yake si nyeupe kama nilivyodhani bali buluu, buluu ya chupa ya dawa. Jua kali. Mbingu safi, hakuna hata uzi wa wingu. Na watalii wote wamejipanga kwenye reli wamevaa makoti mekundu! Meli ndiyo iliyokuwa inawapa, wote, mekundu kama damu, ili mtu akipotea kwenye barafu aonekane. Na kifuani kila mmoja ana kamera na darubini, vioo vinametameta. Nikajiambia, Felista, hapa si Kasulu, mimina supu.

Nikamimina. Ndipo ikapiga. Si mlio, ni mpasuko, ule wenyewe ninaoujua tangu utoto, kavu kwanza, halafu ule wa kunguruma unaoingia kifuani. Nikatazama juu: jua. Hakuna wingu. Basi mimi nilijua. Nilipiga kelele kwa Kiswahili, nikapiga kwa Kiha, "Radi! Inkuba! Vueni nyekundu! Vueni!" Nikavuta kitambaa cha meza, nikalifunika sufuria la supu. Karibu yangu alikuwepo bibi mmoja mzee kabisa, mwembamba, na mimi sikuweza kumwacha afe mbele yangu. Nikamvuta zipu, nikamvua koti, nikalitupa. Bibi wa watu akadhani meli inazama. Akaanza kuulizia maboya. Mumewe naye akaanza, na mwingine, na mimi nikawasukuma wawili watatu watoke mlangoni maana mlangoni hapasimamwi, kisha nikashuka ngazi kwa makalio mpaka chini.

Nilikimbilia stoo ya unga, nikamkuta Espe ameshafika. Amekaa juu ya gunia, magoti kidevuni. "Nimekuja kuchukua unga," akasema. Hakuwa na beseni wala bakuli. "Nilijua utakuja," akaongeza, akanisogezea nafasi. Nikajibanza kwake natetemeka kama mbwa aliyenyeshewa, nikamweleza imetumwa, Espe, kuna mtu humu inamtafuta. Akaufikiria huo usemi muda mrefu. Juu yetu vishindo vya miguu, watu wanapiga kelele, baadaye wanacheka. "Mbona wanacheka?" akauliza. Na kweli, walikuwa wanacheka.

Kuya ndiye aliyetueleza jioni, kwa kutumia keki. Akaikata kipande pembeni, akakisukuma kidogo kidogo mpaka kikadondoka kwenye bakuli la maji. Barafu inasukumwa kutoka nyuma, ikifika mwisho haina pa kwenda, inapasuka, inaanguka, ndiyo huo mshindo. Wazungu husema barafu imezaa, kama ng'ombe. Hakuna aliyetuma kitu. Akili yangu ikaelewa palepale, na ningeweza kuwafundisha wengine. Lakini mwili una akili zake. Mara iliyofuata nilipanda, ukapiga mpasuko, nikajikuta stoo bila kujua nimepita wapi, na supu imewamwagikia watu viatuni. Espe yupo. Amekuja kuchukua unga.

Kulikuwa na kilifti kidogo cha kupandishia chakula, na ukisimama karibu nacho unasikia yote yanayosemwa juu. Nilikuwa napanga mikate nikamsikia Annika, msimamizi wa huduma, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi, anamwambia Kuya: "Yule ni mwokaji mzuri na watu wanampenda. Lakini barafu ndiyo biashara yetu. Siwezi kuwa na mtumishi anayewavua wageni nguo. Akikimbia mara moja tena, anashuka bandarini." Kuya akaomba, nikamsikia akiomba. Annika akasema, "Mara moja." Mkate ukanianguka mkononi. Nilijiona narudi Kasulu katikati ya msimu, nateremka kwenye basi na sanduku langu, na kila anayeniuliza nimwambie nini? Kwamba nimefukuzwa na barafu? Na zaidi ya hapo, niseme ukweli, kulikuwa na hasira. Nilikuwa nimefika mwisho wa dunia na sijaona kitu. Kila pande la barafu linapoanguka mimi niko kwenye unga! Wageni wanashuka kula macho yanawaka, wanasimuliana kwa mikono, na mimi niliyekuwepo palepale nilikuwa nimejifunga stoo. Nilitaka kuona.

Espe ndiye aliyepata dawa. Tulikuwa stoo tena, barafu ya mbali inapiga, ndogo ndogo, na yeye alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza ukutani. "Feli," akasema, "ile radi ya Skola uliiona au uliisikia?" Nikamwambia niliona mwanga, kisha nikasikia. "Basi. Ukisikia mshindo ujue limeshapita. Lililokuja kukuua hulisikii. Sauti ni salamu tu, inakwambia umebaki." Sijawahi kuambiwa kitu kama hicho na mtu yeyote, si padri, si mwalimu. "Kwa hiyo usisikilize," akaendelea, na sasa alikuwa anasema haraka, si kawaida yake, "wewe tazama tu. Tazama lile pande, litazame linavyoshuka, ukija kusikia umeshaona." Nikamwambia maneno ni rahisi kwa mtu asiyeogopa. Akatazama mikono yake yenye unga. "Tutakwenda wote," akasema. "Nitakubebea vikombe."

Tukafika kwenye ule ukuta mkubwa, mkubwa kuliko kuta zote za msimu, asubuhi nyeupe isiyo na upepo. Nahodha akazima injini. Kimya kile sijakisikia tena. Kisha ukitega sikio si kimya: maji yote yalikuwa na vipande vya barafu na kila kipande kinachachatika, chacha-chacha-chacha, kama mawese yakipata moto. Ndege weupe wanapita mbele ya ule ukuta wanaonekana chawa. Watalii wamejipanga na makoti yao mekundu, yule bibi wangu pia yupo, na aliponiona akalishika koti lake kwa mikono miwili, mwenye utani yule, akanikonyeza. Annika amesimama karibu na mlango, mikono amefunga kifuani, ananitazama mimi na si barafu. Nilijua anachosubiri. Nikaweka sufuria. Espe akaweka vikombe, akaja kusimama ubavuni kwangu, na chini ya aproni mkono wake ukautafuta wangu. Aliukamata kwa nguvu ya ajabu, kucha zikazama. "Espe, unaniumiza," nikanong'ona. Hakunitazama. Macho yake yalikuwa kule. "Vumilia," akasema. "Linakuja."

Na likaja! Sikusikia kitu. Niliona mstari mweusi ukichoreka katikati ya buluu, mwembamba, taratibu, kama ufa kwenye ukuta wa udongo, halafu upande mzima wa ule ukuta, upande wa kuijaza barabara yote ya soko la Kasulu, ukajitenga. Ukasimama hewani. Naapa ulisimama. Kisha ukaanza kushuka, umenyooka, kwa heshima, kama mtu mzima anayekaa, na maji yakapanda kuupokea, meupe, juu, juu zaidi, mpaka yakazidi urefu wa ukuta uliobaki, na kule chini palipovunjika pakatokea buluu nyingine ambayo haijawahi kuonwa na jicho la mtu tangu kuumbwa kwake, na mimi, Felista wa Kasulu, nilikuwa naiona! Ndipo mshindo ukafika. Ukanipiga kifuani. Mkono wa Espe ukabana, na nikasikia kichwani, limeshapita, limeshapita, umebaki. Sikukimbia. Nikafungua mdomo nikitaka kupumua tu, na kilichotoka ni vigelegele. Vile vya kumpokea mtoto, vya nyumba nzima, virefu. Espe akapokea. Tukapiga wote wawili, machozi yanaganda mashavuni, na wazungu wakageuka wametoa macho, halafu yule bibi akajaribu vya kwake, vikatoka kama mlio wa bata, halafu wengine, sitaha yote ikawa sherehe ya uzazi. Kuya akachomoza kutoka jikoni anapiga sufuria kwa mwiko. Wimbi likatufikia, meli ikainuka ikashuka, vikombe vyote vikaenda chini, na hakuna aliyejali supu. Annika alinijia. Nilidhani atasema la vikombe. Akasema, "Uliona?" Nikamwambia niliona. "Mimi sikuona," akasema, "nilikuwa nakutazama wewe," na kwa mara ya kwanza nikamwona anacheka.

Nilimaliza msimu, na kila barafu iliyoanguka baada ya hapo niliiona. Tuliporudi mimi nikafungua tanuri langu Kasulu, Espe akaolewa kwao Mabamba, akazaa, akalima, akaoka mikate ya kuuza siku za gulio. Hatukuonana mara nyingi kama tulivyoahidiana. Nikifikiri sasa, kila nilipowasimulia watu nilianza na yeye: nilikuwa na mwenzangu hodari, haogopi kitu, alinishika mkono. Yeye alikuwa shujaa wa hadithi yangu miaka yote hiyo, na nilimpenda hivyo.

Mabamba nilifika kesho yake mchana, kwa basi hadi Kibondo na kisha pikipiki. Matanga yalikuwa bado hayajavunjwa. Nilipelekwa kaburini, udongo bado mwekundu, nikasema niliyokuwa nayo kwa Espe, kisha nikarudi ndani nikaletewa ugali wa muhogo na sombe la kisamvu, nikala, maana msiba unakula. Oliva ana kimo cha mama yake na ule utulivu wake. "Shikamoo, mama mdogo," akasema, akakaa mkekani karibu yangu. Tukaongea. Nje wingu lilikuwa limepanda kutoka upande wa Burundi, jeusi, na wanawake uani wakaanza kuingiza masufuria mbio. Ikapiga ya kwanza, mbali. Oliva akainuka na kitenge, akaenda kwenye kioo cha mama yake ukutani, akasita, mkono juu.

"Mama alikuwa anakataa tusikifunike," akasema. "Alikuwa anasema alikwisha kuponywa. Kila mvua ikija alituhadithia. Alivyokuwa mwoga wa radi huko melini. Alivyokuwa anajificha stoo ya unga kila barafu ikipasuka, mwoga kuliko kuku. Na wewe unavyomfuata huko chini kila mara usimwache peke yake, mpaka siku moja ukampandisha juu, ukamshika mkono." Akanigeukia. "Alikuwa anasema, mama yenu mdogo Feli, yule haogopi kitu."

Nilimwona amekaa juu ya gunia, magoti kidevuni, hana beseni wala bakuli. Nilitazama kiganja changu kana kwamba zile kucha bado zimo. Ikapiga ya pili, karibu, nyumba ikatikisika, na uani mtoto akalia. Mwili wangu, huu mzee mwenye akili zake, ukataka kwenda chini ya kitanda.

"Ni kweli, mama mdogo?" Oliva akauliza. "Huogopi?"

"Kiache hicho kioo," nikamwambia. "Njoo."

Tukatoka barazani, mlangoni kabisa, pale pasiposimamwa, na mbele yetu vilima vya Burundi vilikuwa vimemezwa na mvua. Nikaushika mkono wake.

"Usisikilize," nikasema. "Wewe tazama tu."

"Mama mdogo," akasema baada ya kitambo, "unaniumiza."

"Vumilia," nikamwambia. "Linakuja."